Bango la Mwanaidi Kwenye Van Yangu

Mnicheke tu. Mimi niliyeanza kwa kuosha vyombo mgahawani Langley Park, kitongoji cha hapa, sasa nina van yangu, ndiye niliyemkatia tiketi mpwa wangu Mwanaidi, mtaalamu wa matumbawe, aje kwenye mkutano wa wanasayansi wa bahari hapa Washington. Asubuhi, nilipomshusha ukumbini, akasahau bango lake garini. Nikajua, bingwa mimi, bango ni la kutangaza! Nikalibandika ubavuni, nikazunguka mitaani hadi mji jirani wa Bladensburg nikipiga honi kama nimebeba bibi harusi.

Mchana nilimkuta mlangoni mwa ukumbi, machozi yakimlengalenga.

“Mjomba! Hilo ndilo la kuwaonyesha maprofesa. Ndani nimesimama mbele ya ubao mtupu!”

Maprofesa wakamfuata nje, wakainamia van yangu kusoma. Mwanaidi akafuta machozi, akaanza kuwafundisha palepale. Nikavimba kwa fahari, mkono ukapenya dirishani, ukaenda wenyewe kwenye usukani.

“Mjomba, acha honi!”