Aliniuliza "Uko?", Nikajibu "Siko"

Admin, naomba ufiche jina langu na la ofisi, maana wenzangu wa kazi wanasoma ukurasa huu. Nina miaka ishirini na sita, ni karani hapa Bukavu, sijaolewa, ninaishi Muhumba kwa dada yangu.

Mwaka jana mume wa mwenzetu wa kazi, mama nitakayemwita Maman Neema, alianguka na pikipiki kwenye barabara ya Kamituga, akafa. Matanga yalipoisha, Maman Neema alianza kuja ofisini kwangu kila saa sita ya mchana, wenzangu wakiwa wametoka kwenda kula. Anasimama mlangoni, anauliza, "Uko?" Ninajibu, "Niko, Maman." Ndipo anafunga mlango na kulia.

"Kwetu wananiambia nikaze roho," aliniambia. "Ni wewe tu unaniacha nilie."

Nilijivunia maneno hayo. Sikumwambia kamwe kwamba jioni ninajifungia chumbani, sitaki hata dada yangu aniongeleshe. Nilidhani Mkristo mwema hachoki kufariji.

Wiki iliyopita alikuja mapema kidogo, wenzangu wawili wangali ndani. Akauliza, "Uko?" Sijui mawazo yangu yalikuwa wapi. Mdomo ukajibu, "Siko."

Wenzangu wakacheka. Mmoja akasema, "Sasa nani amejibu, muzimu yake?" Maman Neema naye alicheka kidogo. "Haina neno, mutoto yangu," akasema, "nitapita siku utakuwako."

Nilipaswa kusimama nimfuate. Sikusimama. Nilifungua chakula changu, nikala nikamaliza, na kilikuwa kitamu. Neno linaweza kumponyoka mtu, lakini ule utamu ninaona aibu hata kuuandika hapa.

Tangu siku hiyo haji tena. Ananisalimu "Bonjour, mademoiselle," kama watu wanaokuja kuleta barua. Jana nilimkuta peke yake kwenye ngazi za nyuma, macho mekundu, akajifanya anatafuta funguo mfukoni. Nikapita.

Ninataka arudi, kwa kweli ninampenda. Ila nikifikiria kila siku, kila mchana, ninatamani kutoka ofisini kabla ya saa sita. Dada yangu anasema nimwambie wazi tuwe tunakaa pamoja Jumatano, siku nyingine nipumzike. Labda anasema kweli, lakini ninaogopa kumuumiza mara ya pili.

Wapendwa, mliowahi kufiwa hasa, nielekezeni. Mjane unamwambiaje kwamba machozi yake utayapokea Jumatano tu?