Mashine Tuliyoivika Nguo

Siku ile walikuwepo hawa: kapita wa shantie, msimamizi wetu pale kwenye ujenzi, mtu asiyevua kofia yake ya sufu hata jua likiwaka; mzee zamu, Mswahili wa Buyenzi aliyelinda mali za watu tangu akiwa na meno yote; fundi aliyeleta mashine; mama mmoja wa Musaga, mkubwa wetu sisi wabeba maji, pamoja na wenzake wawili waliozoea kucheka kabla yeye hajamaliza kusema; na mimi. Majina yao nayaacha. Wote wangali hai, na Bujumbura ni mji ambao jina likitajwa asubuhi, mwenyewe hulisikia kabla ya chakula cha mchana.

Mwenye nyumba hakuwepo. Alikuwa Ulaya, na ghorofa yake ilikuwa inapanda huku kwenye mteremko wa Kinanira, yeye akiitazama kwa simu. Jana yake tulikuwa tumemwaga dale, ile sakafu ya zege inayobeba nyumba ya juu. Dale ikishamwagwa haiachwi. Inanyweshwa maji asubuhi, mchana na jioni, siku baada ya siku, la sivyo inakauka kwa pupa na kupasuka kama kisigino kisichopakwa mafuta. Zamani kulikuwa na pampu ya esansi, yaani petroli, ya kupandisha maji. Lakini esansi ilikuwa imekuwa kitu cha kusimuliwa, magari yanalala kwenye foleni za stesheni, na pampu ile iligeuka kiti cha kapita. Maji yakawa yanapanda kwa vichwa vyetu, bido kwa bido, yale madumu ya plastiki, kutoka kwenye mapipa ya chini.

Ndipo fundi akaja akisukuma kile kitu. Kilikuwa na magurudumu mawili kama toroli, tangi la plastiki, boksi la chuma lenye batri na pampu, tiyo, mpira mrefu wa maji uliojikunja kama nyoka aliyeshiba, na juu ya vyote plaki ya jua, paneli nyeusi inayong'aa, imekaa kama paa la kibanda. Aliiegesha karibu na mapipa, akapandisha tiyo hadi kwenye dale, akabonyeza.

Haikunguruma. Hilo ndilo lililonitia shaka kwanza. Mashine ninazozijua mimi hupiga kelele ili ujue zinafanya nini. Hii ilinyamaza, na juu kule maji yakatoka mdomoni mwa tiyo kama manyunyu, laini, yakatua juu ya zege bila kuichimba. Sisi na bido zetu tulikuwa tukimwaga kwa mkono, na kapita alitutukana kila siku kwamba tunatoboa dale yake.

“Iyi inakunywa nini?” mama wa Musaga akauliza.

“Jua tu, mama.”

“Inakunywa jua, inakojoa maji,” akasema, na wenzake wakacheka. “Na mushahara wake nani anakamata?”

Fundi akacheka pia. Kapita hakucheka. Alinitazama mimi, kisha akawatazama wale akina mama, kisha akanirudia mimi, nami nikajua kuna hesabu imeshapigwa.

Alinivuta pembeni. Pale kazini waliniita Mukubwa wa Batoto, kwa sababu walijua ninalea wadogo zangu.

“We utabaki na iyi mashini,” akasema. “Unajua kusoma kidogo. Wale wamama, kesho apana.”

“Juu ya nini mimi, kapita?”

“Juu ya mi nimesema.”

Sikuamini. Kapita hakuwahi kunipa kitu kizuri bila kamba iliyofungwa nyuma yake. Lakini sikuwa na nafasi ya kukataa. Baba alitangulia, mama akamfuata, na muhula aliozikwa mama ndio niliotoka shuleni. Yunifomu yangu ilivaliwa na mdogo anayenifuata. Siku ya kumaliza matanga, shangazi alishuka kutoka milimani na mpango wake tayari: huyu wa kiume atachunga ng'ombe kwa mjomba, huyu wa kike atabeba mtoto wa tajiri fulani, kitindamimba ataenda kwake. Nilisimama mbele ya watu nikasema kwamba mradi nina kazi, hakuna anayetoka nyumbani. Shangazi akajibu, “Vema. Kazi ikiisha, utanipigia.” Tangu hapo alikuwa akipiga yeye mwenyewe, na hakuanza na habari za afya. Aliuliza, “Bado unafanya kazi?”

Kwa hiyo nikabaki na mashine. Mama wa Musaga alipopita akiwa na bido yake tupu alisimama mbele yangu.

“Kaa, Mukubwa. Sisi tunaenda,” akasema. “Lakini uiangalie vizuri. Kitu chenye kimefukuza mutu leo, kesho kinaweza kukufukuza na we.”

Sikujua kama ni ushauri au ni laana. Niliyabeba maneno hayo siku zote zilizofuata.

Na siku hizo hakuna aliyemwamini mwenziwe. Fundi, kabla ya kuondoka, alizungushia boksi la batri utepe na kuandika sahihi yake juu ya utepe, kwa kalamu, huku akitutazama mmoja mmoja. Kapita aliona taa ndogo ya kijani inayowaka kwenye boksi akasema ile si taa, ni jicho. Mwenye nyumba ameiweka itupeleleze tukikaa bila kazi. Kuanzia hapo hakula tena mbele ya mashine. Zamu yeye aliogopa barabara ya juu. Mtu akisimama kule, alisema, plaki inampigia kelele kwa kung'aa. “Wallahi, iyi itaibwa, na mi ndio nitafungwa.”

Mimi niliwaogopa wote. Zaidi nilimwogopa zamu. Nilikuwa nimemwona jioni moja akiwa na simu nyingi mfukoni na nyaya zimechungulia, na kila mtu anajua umeme ukikatika mtaani, mwenye batri anageuka mfalme. Nikajisemea, huyu mzee anachajia watu simu kwa batri yetu.

Basi tukaificha. Fundi alikuwa ameonyesha boksi akasema vumbi lisiingie. Sisi hatukuishia kwenye boksi. Zamu akatafuta turubai, akaifunika mashine nzima kila alfajiri kabla ya kwenda kuswali na kulala. Kapita akaongeza mifuko mitupu ya simenti juu ya plaki, kwa ajili ya wale wa barabarani. Nami nikaleta kitambaa kutoka nyumbani, kile cha kufuma kwa uzi mweupe, mama alichokuwa akifunikia redio. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Televisheni ina kitambaa chake, kiti kina chake, hata termosi ina chake. Nilikitandaza juu ya plaki moja kwa moja, nikanyoosha pembe zake, kisha mifuko juu, kisha turubai. Tulipotaka kunyunyiza nilifungua upande wa boksi tu, nikabonyeza, nikapanda juu kushika tiyo. Nikimaliza nilishuka kufunika. Kapita aliridhika. “Ivi ndio kazi,” akasema. “Mutu akipita anaona mufuko ya simenti tu.”

Siku ya tatu asubuhi maji yalitoka kwa unyonge. Nilidhani tiyo imekunjwa, nikaifuata yote hadi chini. Haikukunjwa. Mchana, nilipobonyeza, taa ya kijani ilikuwa nyekundu. Maji yalipanda nusu ya njia, yakajifikiria, yakarudi.

Jua lilikuwa la kiangazi, la wima. Nilipanda juu ya dale nikaona inaanza kuwa nyeupe, kwanza pembeni, kisha madoa madoa katikati. Nikaweka kiganja. Ilikuwa ya moto kama sufuria.

Kapita alikuja mbio, akapiga boksi teke, akauliza nani. Hakuuliza nini.

“Nani ameigusa?”

“Utepe haujakatwa,” nikasema.

“Utepe! Mutu mwenye akili anatoboa chini.” Akamgeukia zamu, ambaye alikuwa amewahi kufika siku hiyo. “We muzee, zile simu za mufukoni ni za nani?”

“Ni za majirani. Nazipeleka kwa kinyozi wa Musaga, yeye iko na plaki yake. Muulize.”

“Nitamuuliza. Na we,” kapita akaninyooshea kidole, “mulipanga na wale wamama. Mashini ikufe, wao warudi. Mi naona vyote.”

Jioni mwenye nyumba angepiga simu ya video, kama kila jioni, aione dale. Kapita alishaanza kutengeneza maneno atakayomwambia, na ndani ya maneno hayo nilikuwa mimi. Na baada ya simu hiyo ingekuja nyingine, ya shangazi.

Nilichukua bido nikaanza kupandisha maji peke yangu. Kila nilipomwaga, dale ilivuta yote na kubaki kama haikuguswa. Bido ya pili, ya tatu, vilevile. Zamu alivua koti, akachukua bido nyingine bila kuniangalia. Mzee yule alipanda ngazi za mbao akihema, na mimi niliyemdhania mwizi nilipishana naye njiani, na hata hapo jicho langu lilikwenda kwanza kwenye mifuko yake.

Hatukuweza. Nikatoa simu nikambipu mama wa Musaga, kwa kuwa sikuwa na vocha. Akapiga.

“Mukubwa. Imekufukuza?”

“Bado. Jioni.”

Nikamweleza. Nikasikia mtu anapepeta mchele upande wake.

“Kapita amesema utuite?”

“Apana. Ni mimi.”

“Kapita angeniita, mi singekuja,” akasema, na simu ikakatika.

Walikuja wote watatu, kwa miguu, kata za khanga vichwani. Mama wa Musaga alimpita kapita kama anavyopita nguzo, akaja hadi nilipokuwa.

“Mi sitaki feza yake,” akasema. “Nataka siku yako. Nyumbani kwetu mutu akikulimia, na we unamulimia. Mi niko na kiwanja kule Carama, na matofali ya udongo yanangoja. Siku nitaita, utakuja kunibebea maji ya kujengea. We na wadogo zako. Wote.”

“Wote wa nini? Wengine ni wadogo.”

“Wote,” akarudia. “Asipokosekana mumoja, nimelipwa.”

Nikakubali. Kapita alikuwa akitusikiliza akiwa ameketi juu ya pampu yake iliyokufa.

Tukapanga mstari kwenye ngazi, bido zikapita mkono kwa mkono. Mama wa Musaga ndiye aliyesimama juu, akimwaga kupitia vidole vyake ili maji yasichimbe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya siku zile kapita alipokuwa akimtukana. Dale ilikunywa, ikakunywa, kisha taratibu ikageuka kijivu.

Fundi alifika tukiwa katikati ya kazi. Kapita ndiye aliyemwita, ili amkamate mtu. Alitazama utepe wake, ukamridhisha. Kisha akavuta turubai. Chini yake akakuta mifuko ya simenti, akaiondoa. Chini yake akakuta kitambaa cha mama yangu, na pembe zake zimenyooshwa vizuri. Akakishika kwa ncha za vidole kama anafunua uso wa bibi harusi.

“Nani aliivalisha?”

Akakikunja, akakiweka juu ya pipa.

“Iko na baridi?” akauliza. “Ina malaria? Watu wazima, mashini inakula jua, na nyinyi mumeifunga mudomo siku zote izi!”

“We ulisema vumbi,” kapita akasema.

“Vumbi ya boksi! Plaki mulifunika juu ya nini?”

“Wezi,” akasema zamu.

“Jicho,” akasema kapita, kwa sauti ndogo.

Mama wa Musaga alikuwa juu na bido yake. “Mumeificha watu,” akasema, “mukaificha na Mungu mwenye kuleta jua.” Wenzake walicheka hadi mmoja akakaa kwenye ngazi. Zamu alimgeukia kapita.

“Sasa, bwana mukubwa, nani ananiomba samahani?”

Kapita aliangalia saa yake. Mimi niliangalia bido yangu.

Mashine ikaachwa wazi juani, na kabla ya jua kuzama taa ilirudi kuwa ya kijani. Simu ya mwenye nyumba ilipolia, kapita alishika mwenyewe, akaizungusha polepole juu ya dale. Ilikuwa imelowa, inameremeta. Akaonyesha mashine nayo, ikinyunyiza. Akina mama alikuwa amewaambia wasogee nyuma ya ukuta, nje ya picha.

“Mnaona?” sauti ikatoka Ulaya. “Mashini ni mashini.”

“Kabisa, patro,” kapita akajibu.

Dale haikupasuka. Nilifanya kazi pale hadi paa likawekwa, na kapita akanipeleka shantie nyingine, bado sijui kwa wema gani. Shangazi bado anapiga. Wadogo zangu wote bado wanalala chini ya paa moja, wakigombania shuka.

Mama wa Musaga hajaita. Misimu imepita. Tukikutana sokoni ananisalimia vizuri, anauliza watoto, anawataja mmoja mmoja kama mtu anayehakikisha mzigo wake haujapungua, kisha anaenda zake. Kiwanja hakitaji. Nimejiuliza kama amesahau, au anajenga kwa siri na watu wengine ili deni likae kwangu maisha. Mtu wa namna ile hasahau.

Mwezi uliopita nilipanda hadi Carama bila kumwambia mtu. Nilikiona kiwanja. Hakuna msingi, hakuna kamba iliyovutwa. Kuna matofali tu ya udongo, yamepangwa, na plastiki juu yake. Upepo ulikuwa umefunua upande mmoja, na mawingu yalikuwa yanakuja. Nikaivuta plastiki, nikaweka mawe kwenye pembe, nikaangalia kama kuna jirani ananiona, nikarudi nyumbani.

Hilo halihesabiki. Alisema yeye ndiye atakayeita, na alisema wote.