Sahani ya Peke Yake

Nikiulizwa nilikuwa nafanya kazi gani Newala, husema nilikuwa nesi wa wagonjwa wa nje, naishia hapo. Nikisema nilikuwa naendesha kikundi cha watu wanaojifunza upya kula, watu hucheka. Katika nchi hii, wananiuliza, nani anafundishwa kula? Hata mkubwa wangu wa kazi, aliponipa chumba cha nyuma kila Alhamisi mchana, alibandika mlangoni karatasi iliyoandikwa "Matatizo ya Tumbo". Siku zile nilikuwa mtu wa hasira za karibu, ila chumba nilikitaka, kwa hiyo nikanyamaza.

Walikuwa wanawake watano. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa bara kama mimi, ambaye kwa miaka alikuwa akila na kushiba kisha anakwenda nyuma ya choo kujitapisha, na mumewe hajui. Mwingine alikuwa fundi cherehani, mcheshi sana, aliyewahi kuishi mwaka mzima kwa chai ya rangi. Wawili waliletwa na mama zao na hawakupenda kuongea. Wa tano ndiye ninayemsimulia hapa. Alikuwa na umri wa miaka ishirini, amemaliza kidato cha nne, na msimu mmoja aliwahi kuwa karani wa mnunuzi wa korosho, mmoja wa wale wanunuzi binafsi waliomiminika Newala baada ya biashara ya korosho kuachiwa huru. Aliacha kula kidogo kidogo. Alipoletwa kwangu, nyumbani walikwisha jaribu dawa ya minyoo, maombi na mganga. Kwa nini aliacha, alinieleza kwa namna tatu tofauti katika Alhamisi tatu, na zote nilizisadiki.

Aibu yake ilikuwa kubwa kuliko ya mgonjwa mwingine yeyote niliyemuuguza. Watu wa kule wanaujua upungufu wa chakula. Ikifika miezi mibaya wanaingia porini kuchimba ming'oko, mizizi ya mwituni, na mtoto anajua mapema kwamba ukikaribishwa chakula hukatai. Sasa binti wa nyumba yenye ugali na kisamvu anakaa mbele ya ugali huo na kushindwa kuumeza. Mama yake aliniambia kwamba majirani walikuwa wakimuuliza amemkosea nini binti yake.

Kikundi kilimsaidia. Nalisema hili kwanza kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yanayofuata yatanifanya nionekane sikujua kazi. Tulikaa kwenye mabenchi, kila mmoja akaeleza wiki yake ilivyokwenda, kisha tukaleta sinia moja la ugali wa muhogo na mboga, wakala pamoja. Fundi cherehani alikuwa akiwatania wenzake hadi matonge yanawaponyoka. Baada ya miezi minne yule binti alikuwa ameanza kupata nyama mashavuni, na hedhi yake, iliyokuwa imekatika, ilirudi. Aliponiambia hilo aliona haya, nami nilitoka nje nikajifanya natafuta kitu, kumbe nafuta machozi.

Lakini mimi nilikuwa na kitabu. Nilikuwa nimetumwa kozi fupi Dar es Salaam, nikarudi na kitabu cha mafunzo kilichoandikwa na watu wa mbali, na kitabu hicho kilinipa kichwa. Kilisema mgonjwa anayepona lazima kila anachokula kionekane. Nikaanza kumwangalia binti kwenye sinia, nikagundua ni bingwa. Mkono wake ulishuka na kupanda sawasawa na mikono ya wenzake. Alikata tonge, akalifinyanga, akalichovya, akalipeleka kinywani likiwa dogo kama kunde, kilichobaki akakisukuma kwa ujanja upande wa jirani yake. Katika sinia hakuna anayejua nani kala nini. Nilikasirika kama niliyeibiwa.

Miaka michache kabla, hata kama ningetaka nisingepata la kufanya, kwa maana madukani hakukuwa na sahani. Sasa soko lilikuwa limejaa kila kitu: mitumba, sabuni za kila rangi, na sahani za plastiki ngumu zenye maua. Nilinunua tano, zote zinafanana, nikapita nazo kikundini kwa furaha. Kila mtu na yake. Yule binti nikamwambia aichukue yake na nyumbani, mama ampakulie peke yake kila mlo, aone kimebaki kiasi gani, aje kunieleza.

Mama alishika ile sahani, akaigeuza chini na juu.

"Sista, kwetu wanakula pamoja," alisema. "Huyu nitamtenga?"

Nikamjibu kwamba hamtengi, anamtibu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa na jibu langu nililiona zuri sana.

Wiki mbili za mwanzo mambo yalikwenda vizuri, uzito ukapanda. Ya tatu uzito wa binti ulisimama. Nilimvuta nje, akanieleza. Nyumbani walikuwa mama yake, bibi yake, kaka yake na mke wa kaka, na watoto watatu. Wifi yake alikuwa ameanza kuosha sahani ile mbali na vyombo vingine. Kisha kikombe cha binti nacho kikapata mahali pake. Halafu siku moja mtoto mdogo wa kaka, aliyezoea kumalizia chakula cha shangazi yake, alinyoosha mkono kuchukua kipande cha samaki kwenye sahani yenye maua, na wifi akamchapa kofi mkononi. Binti alisema mlio wa kofi lile ndio uliomfundisha watu wanamwonaje.

Nani asingewaelewa? Msichana amekonda, alifanya kazi msimu mzima na wanunuzi waliokuja na malori, anakwenda hospitali kila Alhamisi kwa ugonjwa usio na jina, na sasa hospitali yenyewe imempa chombo chake mwenyewe. Miaka ile ule ugonjwa wa kukonda na kufa haukutajwa kwa jina. Ulitajwa kwa kutenga vyombo. Mimi nililijua hilo, nimekulia humu humu nchini, si mgeni. Kitabu hakikulijua, na nilikiacha kifikiri kwa niaba yangu.

Basi nikaenda kurekebisha, nikajipalia makaa. Nilikwenda kwao kwa pikipiki ya kazini, saa nne asubuhi, na gauni langu jeupe. Kabla sijavua kofia ngumu kichwani niliona wanawake wa nyumba ya pili wamesimama kutazama. Ndipo nikakumbuka kwamba nesi mwenye gauni jeupe hakuwa akifuata mgonjwa nyumbani kwa sababu nyingine yoyote ila ugonjwa ule. Nilikaa saa nzima. Niliongea Kiswahili, kaka akamtafsiria bibi kwa Kimakonde, na kila nilipofika kwenye jina la ugonjwa wa binti kaka alisita, kwa kuwa hakuwa na neno la kunipa. Nikaeleza kwamba ni ugonjwa wa moyo na mawazo, kwamba hauambukizi, kwamba binti anapona. Wote waliitikia kwa adabu. Mwishoni wifi yake akaniuliza taratibu, akiwa ameinamisha macho:

"Kwa hiyo sahani tuendelee kuiweka mbali?"

Alikuwa na maana ya mbali na vile vyombo vingine. Mimi nilikuwa nafikiria uzito, kwamba aendelee kupakuliwa peke yake. Nikasema ndiyo, kwa wiki mbili zaidi. Nilikuwa nimeshafika barabarani ndipo nikasikia nilichosema, na sikurudi. Nilijiambia nikirudi nitazidisha. Huenda ilikuwa kweli. Huenda nilikuwa nimechoka kuonekana mjinga.

Kupima damu lilikuwa wazo la binti mwenyewe. Alisema anataka karatasi. Damu ilishushwa Masasi, majibu yakachukua zaidi ya wiki mbili, na muda wote huo alikula vijiko viwili vitatu kwa siku. Karatasi ilipofika niliisoma mimi wa kwanza. Hakuwa na kitu. Mama yake aliikunja ndani ya khanga, akaenda nayo kwa ndugu mmoja mmoja. Wakampongeza. Kisha wakasema pembeni kwamba wahudumu wana huruma, wanaandika vile ili kumficha mgonjwa aibu. Jina la binti juu ya karatasi lilikuwa kwa mwandiko wa nesi, na nesi ni yule yule aliyeleta sahani.

Wakati huo uzito wote alioupata ulikuwa umepotea. Aliniambia hasumbuki tena kukataa chakula, maana hakuna anayemkaribisha. Nilimwomba aje Alhamisi inayofuata. Nilimwambia tutarudisha sinia, tutakula wote kama mwanzo, na wenzake watakwenda kusema mitaani kwamba wamekula naye. Nilimwona akifikiri. Akasema kama wenzake watakula, naye atakula. Hayo ndiyo makubaliano tuliyofanya, mimi na yeye, na sikuwa na dawa nyingine.

Alhamisi ile nilipika mwenyewe. Ugali, kunde za nazi, samaki mkavu. Alikuja na khanga safi, nywele amesuka. Tulinawa, nikamimina maji kidogo kidogo kama ilivyo desturi Newala, maji yakiwa ya kununua kwa ndoo. Nikaweka sinia katikati. Binti akanyoosha mkono wa kwanza, akakata tonge, akalichovya, akala. Tonge la kweli. Nikalihesabu moyoni kama mama anayehesabu hatua za mtoto.

Hakuna aliyemfuata.

Mwalimu alisema tumbo limemvuruga tangu asubuhi. Wale wawili wasiopenda kuongea walitazama chini. Fundi cherehani, aliyekuwa na neno la utani kwa kila jambo, alisema ameshiba, na hakupata utani wa kuongezea. Sikuwa na njia ya kuwalazimisha. Watu watano wenye ugonjwa wa kukataa chakula walikuwa wamekaa mbele ya chakula, na safari hii wanne walikuwa na sababu ambayo mji mzima ungekubaliana nayo. Nilisimama na saa yangu mkononi, nikawasihi, kisha nikawafokea. Ukali wangu haukumpeleka mtu hata mmoja kwenye sinia.

Binti hakuwatazama. Alinitazama mimi.

"Sista, hata wewe?"

Majibu ya damu yake niliyasoma kwa macho yangu. Zaidi ya hapo, nilikuwa nazunguka vijijini na kipaza sauti nikiwaambia watu kwamba hata mwenye ugonjwa ule unakula naye sinia moja na hupati kitu. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Kitabu kilisema kiongozi asile na wagonjwa, na kwa miaka iliyofuata nilijificha nyuma ya kitabu hicho. Lakini wakati ule sikuwa nakifikiria kitabu. Nilifikiria kwamba kipimo cha kwanza huweza kukosea. Nilifikiria wanawake wanne wanaonitazama, na jinsi watakavyonipisha sokoni kesho. Ilikuwa ni kuinama na kunyoosha mkono tu. Mkono ulibaki na saa.

Nilimwambia nimeshakula. Toka alfajiri sikuwa nimetia kitu tumboni.

Aliitikia kwa kichwa, bila hasira. Uongo huo aliujua kuliko mtu yeyote wilayani, alikwisha mwambia mama yake mara nyingi kupita kiasi. Akachukua kawa, akalifunika sinia vizuri pande zote, akajifuta vidole kwenye pindo la khanga.

"Basi," alisema, "na mimi nimeshiba."