Dawa ya Kaka kwenye Taa za Baba

Sijamsamehe kaka yangu, na wale wanaosema damu nzito kuliko maji waje wasimame hapa sebuleni kwetu Mvumi, wanuse. Harufu bado iko kwenye mapazia.

Baba alikuwa na tepu rekoda ya zamani, ile ya mikanda mikubwa, ambayo ndani yake mna taa za kioo za kukuza sauti, zinazopata moto na kuwaka wekundu hafifu. Aliipata kwa daktari mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Kwa mashine hiyo alimrekodi mama akipiga ngoma ya muheme na kuimba, sisi hatujazaliwa. Mama alishatangulia. Na masikio ya baba yalikuwa yanamwishia. Hospitali walimwambia wazi kwamba hata hayo yaliyobaki si ya kudumu. Akaniomba kitu kimoja tu: amsikie mke wake mara moja kabla hajawa kiziwi kabisa.

Mashine ilikuwa inawaka, ila sauti inakuja inakatika. Vumbi la huku halina adabu, linaingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Pini za zile taa, miguu inayoingia kwenye soketi, zilikuwa zimeshika kutu. Ninayeishi na baba ni mimi, na mashine nilikuwa naisafisha mimi, kama alivyonifundisha mwenyewe: zima, chomoa waya, subiri, maana mashine za aina hii hubaki na umeme tumboni hata zikizimwa. Ndipo ung'oe taa mojamoja uifute miguu kwa spiriti. Nilikuwa nakaribia kumaliza.

Ndipo kaka akaja kutoka Mkonze na kichupa alichoagiza mtandaoni. Dawa, alisema. Ulikuwa uji wa kijivu wenye unga wa fedha, wa kusaidia umeme upite vizuri pale chuma kinapokutana na chuma. Nikasoma karatasi yake. Paka kidogo sana, kwenye pini tu, ufute kinachozidi. Isitapakae kati ya pini na pini, kwa sababu dawa yenyewe inapitisha umeme, na umeme ukipata njia isiyo yake unaunguza.

"Kaka, tone tu," nikamwambia. "Na soketi usiiguse."

"Wewe umekuwa fundi lini?"

Kwetu kupaka ni heshima. Upepo unakausha ngozi mpaka inapauka, kwa hiyo mtoto anapakwa mafuta mpaka ang'ae, na mama anayepaka kidogo anaitwa mchoyo. Basi kaka akaipaka ile soketi kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Akajaza matundu, akapitisha brashi katikati. "Baba hafanyiwi nusunusu," akasema. Nikamshika mkono. Baba, ambaye hakuwa amesikia hata neno, akaniashiria nimwache mkubwa afanye kazi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mdogo halijatungiwa hata methali. Nikaachia.

Kaka akachomeka. Baba akavuta kiti, akalaza sikio kwenye spika. Mkanda ukaanza kuzunguka, na kilichotoka kilikuwa mngurumo mzito wa kukatikakatika, mama hayupo, muheme haupo. Taa moja ikawaka nyekundu kupita kiasi, moshi ukafuka nyuma. Niliruka nikachomoa waya ukutani.

Baba alikuwa amefumba macho. Alikuwa anapiga paja kwa kiganja, anaufuata ule mngurumo.

"Ngoma yake hiyo," alisema. "Mbona mmezima? Hajaanza kuimba."

Nikamtazama kaka. Mdomo anao, na siku zote anautumia. Akainama kwenye sikio la baba, akapaza sauti: "Mkanda umeishia hapo, baba."

Baba akamshika kichwa, akambariki. Mimi nilitaka kusema, nikauona ule uso wa mzee, nikameza. Kaka akala, akanawa, akaondoka na kichupa chake. Mimi nikabaki nafungua madirisha. Fundi wa mjini aliyeifungua mashine alisema soketi imeungua na transfoma imekwenda na maji.

Mashine nyingine niliitafuta mpaka nikachoka kutafuta. Nimeipata mwezi huu, kwa mzee mmoja Chemba. Nilipofika nayo nyumbani nikaifuta pini kwa spiriti, kavukavu, nikaweka mkanda. Haujaungua hata kidogo. Muheme unasikika, kisha mama anaingia na sauti yake nyembamba, anacheka katikati ya wimbo, anaendelea. Nililia, siwezi kuficha.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile, hatua mbili kutoka kwenye spika, anachambua mbegu za maboga. Aliponiona nalia akaniuliza kuna nini. Nikamwonyesha mashine. Akaitazama inavyozunguka, akaitikia kwa kichwa, kwa adabu tu, kisha akaniuliza kaka yangu atakuja lini, maana anataka kumshukuru tena.