Aliyekuwa Nyuma ya Mlango

Papa Évariste, mtu wa Uvira, alilinda mlango wa kliniki moja ya wanawake karibu na Yeoville, mtaa wa ugenini wenye wahamiaji wengi Wakongomani kama yeye. Ni kliniki ambako wanaotaka kutoa mimba hutoa kwa ruhusa ya sheria. Kanisani alisema analinda duka la vigae. Alitaka tu kukwepa maswali. Yeye mwenyewe hakuyapenda ya ndani, ila kila msichana alimfungulia na kumwambia "karibu, mama", kwa kuwa wengi walifika wakitetemeka.

Mwaka 2017, Mtumishi Marcellin wa kanisa lake, mwenye kipindi cha asubuhi kwenye redio ya mtandaoni ya Wakongomani, aliivalia njuga kliniki hiyo. Saluni zote zilimsikiliza, naye kila siku akaongeza chumvi. Mwishowe akataja mtaa, akasema, "Ile mulango ikiungua, Mungu hatalia." Watu wakacheka, wakaitika amina.

Wiki hiyohiyo mwimbaji mmoja wa kwaya ya kanisa hilo akaenda kurusha chupa ya petroli. Mlango uliteketea, na mikono ya Évariste ikaungua alipokuwa akiwatoa wasichana waliokuwa ndani. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Marcellin alijikwaa ulimi, vidole vilivyoungua vikawa vya mwenzake.

Mwimbaji akakamatwa. Marcellin akaendelea na kipindi chake: yeye alisema mlango, hakusema mtu. Na waumini, badala ya kumuuliza yeye, wakaulizana wao kwa wao: kumbe Papa Évariste alikuwa akifanya kazi pale? Basi hakuna aliyekwenda kumpa pole. Alikaa chumbani na mikono yake iliyofungwa bendeji, akinywa chai kwa mrija, na upweke ukamuuma kuliko vidonda.

Siku moja Marcellin akabisha hodi, simu mkononi tayari kurekodi.

"Papa Évariste, sema tu kwamba maneno yetu haikukuunguza. Sema umetusamehe. Kisha kanisa itakuya kukuona."

Évariste alitaka watu waje. Alitaka mno. Marcellin akamsogezea simu mdomoni.

"Miye ni Évariste wa Uvira," akasema. "Nilisikia ku redio mulango yetu iungue. Nilikuwa nyuma yake."

Alipoona neno la kusamehe halimo, Marcellin akazima simu.

"Eish, Papa. Hii haiwezi kupita hewani," akasema, akaenda zake.

Jumapili kwaya ilikuja katika jengo alimoishi Évariste kumwona mama wa ghorofa ya juu aliyejifungua. Évariste hakuwa na habari za mtoto. Desturi yao ni kuanza wimbo tangu ngazini, na anayetembelewa huitikia kutoka ndani, ndipo waingie. Sauti zilipofika mbele ya chumba chake, Évariste akainuka kitandani akaitikia, kwa nguvu zake zote.

Wimbo ukasita kidogo. Halafu ukaendelea kupanda ngazi.