Programu ya bure ya kuchoma CD iliniambia "imekamilika" nikaiamini: kaseti ya mama wa Nyamache

Wakuu, habari za huko mliko.

Hii nimeibeba tangu 1999 na sijawahi kuiandika popote. Majina nimebadilisha, mengine yote ni vile yalitokea. Kama unatafuta uzi wa mtu kujisifu, pita tu, hapa hakuna.

Nilikuwa nafanya kazi Kisii mjini, kwa duka la Mhindi mmoja tuliyemwita Mzee Kanti. Mbele tuliuza redio, betri na kaseti. Nyuma kulikuwa na kompyuta moja, na hiyo kompyuta ilikuwa na drive ya kuchoma CD.

Msicheke. Wakati huo watu walikuwa wanakuja kuangalia tu vile inafungua mdomo.

Software ya kuchomea ilikuwa ya bure. Ilikuja kwa CD iliyobandikwa kwenye jarida la kompyuta, Mzee Kanti akatoka nalo Nairobi. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuharibu, na niliharibu diski hadi nikaona haya kuzitupa kwa pipa la mbele.

Sasa shikeni hapa, maana kesi yote iko hapa.

Hiyo programu ilikuwa na kisanduku cha kutia tiki, kimeandikwa "test". Ukitia tiki, inafanya mazoezi. Drive inazunguka, mstari unajaa polepole, mwisho inafungua mdomo na kuandika kwamba kazi imekamilika. Lakini kwa diski haijaandika kitu.

CD tupu zilikuwa ghali na hazikupatikana ovyo. Kwa hivyo mimi nilifanya mazoezi kwanza. Nikiona haijakwama, natoa tiki, nachoma ya ukweli.

Ijumaa moja asubuhi akaja mama mmoja kutoka Nyamache. Nitamwita Mama Nyaboke. Kitambaa kichwani, viatu amepangusa nje kabla ya kuingia, na mkononi kaseti imefungwa ndani ya leso.

Tuliongea Kikisii, mimi nawatafsiria.

Kijana wake, Ombati, alikuwa akifanya kazi Mombasa. Mama hakujua kusoma, na hakutaka watoto wa jirani wamsomee barua halafu kijiji kizima kijue mambo yake. Basi Ombati akawa anaongea kwa kaseti na kumtumia na watu wanaokuja nyumbani. Mwaka uliotangulia Ombati aliugua akafa huko huko. Kaseti aliyoileta mama ndiyo ya mwisho, na redio ilikuwa imeanza kuimeza.

"Nimesikia nyinyi mnaweza kumweka kwa sahani isiyochakaa," akaniambia.

Hakusema kuiweka. Alisema kumweka.

Nikamwambia aende sokoni, arudi saa kumi.

Kaseti lazima uicheze mwanzo hadi mwisho ndiyo iingie kwa kompyuta. Nikabonyeza redio ya kaseti iliyounganishwa na kompyuta. Nikasikia mwanaume anakohoa, halafu anasema, "Mama, umeketi? Keti kwanza."

Hapo nikashusha volume mpaka chini kabisa.

Kwetu kuna kitu tunaita chinsoni. Ni ile heshima ya kuoneana haya. Maneno ya mzazi na mtoto wake, mtu wa nje hayasikilizi, hata kama mlango uko wazi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu, na mama yangu mzazi angenichapa akisikia nimekaa kusikiliza mambo ya nyumba ya wenyewe. Kwa hivyo nikabaki nikiangalia mistari ya kijani ikipanda na kushuka kwa screen. Lisaa lizima mtu anaongea, na mimi sisikii neno.

Nikaanza kuchoma. Nikatia tiki ya mazoezi kama kawaida, na kabla haijamaliza Mzee Kanti akaniita mbele. Ijumaa duka linajaa. Niliporudi nyuma nikakuta drive imefungua mdomo na screen inasema imekamilika.

Wakuu, nikasahau kwamba hayo yalikuwa mazoezi. Nilisahau tu. Nikatoa diski, nikaandika jina la Ombati juu yake, nikafuta ile sauti kwa kompyuta kwa sababu nafasi ilikuwa kidogo.

Mtauliza, kwa nini hukuijaribu? Spika za kompyuta zilikuwa mbele, na mbele kumejaa watu. Ningeipigaje barua ya mama wa watu mbele ya umati? Nilijiona nina adabu kweli kweli.

Mama akafika saa kumi, ana haraka, Sabato inaingia jua likizama na bado ana safari. Nikampa CD na kaseti yake. Na nikaongeza mdomo, mdomo huu huu: "Mama, hii kaseti sasa imemaliza kazi. Hata ukitaka wapatie kwaya warekodie nyimbo."

Akanishukuru. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

Ilipita kama miezi miwili. Mama hakuwa na mashine ya CD, kwa hivyo alingoja mpaka alipomtembelea binti yake aliyeolewa Ogembo. Huko wakaiweka. Mashine ikazunguka, ikasema hakuna diski. Wakaipangusa, wakairudisha. Hakuna diski.

Jumatatu akawa kwa duka.

Nikaichukua nikaigeuza. Diski iliyochomwa unaiona kwa macho, ina duara lenye rangi tofauti. Hii ilikuwa rangi moja tu, safi.

"Mama, ile kaseti iko wapi?"

"Si niliwapatia kwaya? Wewe ulisema imemaliza kazi."

"Walirekodi?"

"Pande zote mbili."

Nikamwambia angoje kidogo, nikaenda nyuma. Sitawaficha, nilikwenda kutunga uongo. Nitasema mashine ya Ogembo iliharibu diski. Mama hakujua kompyuta, angeamini. Nikamweleza Mzee Kanti mpango wangu kwa sauti ya chini.

Mzee Kanti hakuwa mtu wa maneno mengi, na Kiswahili chake mnakijua. Akaniambia, "Wewe enda sema kweli. Mimi nitapata customer ingine. Yeye hapana pata mtoto ingine."

Nikarudi. Nikamwambia yote, tiki, mazoezi, kusahau, kufuta. Nilikuwa nalia, na sioni haya kusema.

Mama Nyaboke akauliza, "Lakini wewe ulimsikia?"

Nikamwambia nilisikia akikohoa, akasema uketi kwanza, nikazima sauti kwa sababu ya heshima.

"Ulizima," akasema. "Wazazi wako walikulea vizuri."

Jamani. Angenichapa kofi ningeshukuru.

Nikamwomba kitu kimoja. Nikamwambia, mama, kipaza sauti kiko hapa, wewe unayajua maneno yake. Sema yote, mimi nirekodi, safari hii nitacheki mara kumi.

Akatikisa kichwa. "Kurekodi tumerekodi ya kutosha. Wewe keti. Siku ile ulikataa kumsikiliza, sasa msikilize."

Nikaketi kwa kreti ya soda. Na yule mama, amesimama hapo kwa kaunta, akaanza mwanzo. Akakohoa vile kijana wake alivyokohoa. "Mama, umeketi? Keti kwanza." Akapita yote bila kuruka. Pale Ombati alipovuta pumzi, naye alivuta. Pale alipocheka kuhusu jogoo wao, alicheka. Kulikuwa na mahali alimwambia mama yake kwamba yeye ni mgonjwa kuliko alivyokuwa amesema, na kwamba asiuze shamba kumtibu. Mzee Kanti alifunga mlango wa duka mchana peupe, akasimama kando, na Kikisii hajui.

Ya katikati sitaiandika. Hiyo si yangu kuitoa.

Alipofika mwisho akasema, "Basi. Sasa tumemsikia wawili." Akafunga ile diski tupu kwa leso, akaenda nyumbani.

Funzo langu, wakuu. Software ikikuambia imekamilika, hiyo ni habari ya software. Usifute chochote mpaka mwenyewe amesikia kwa masikio yake. Na heshima isikufanye usiulize. Ningemwambia tu, "Mama, njoo ndani uketi, usikilize mwenyewe mimi nitoke," chinsoni ingebaki na Ombati angebaki.

Wangapi mna kaseti za wazazi kwa droo na mnasema mtazihamisha siku moja? Na wewe uliyewahi kufuta kitu cha mtu kisichorudi, ulimwambiaje? Andikeni hapa chini. Hata wa kunilaumu karibuni, mama mwenyewe hakunilaumu na mpaka leo natamani angenilaumu.