Kikohozi cha Mwalimu Breki

Binti yangu alianza kusikiliza kitu ambacho watu wengine hawakisikii.

Habari hiyo nililetewa na mwalimu wake wa hesabu, kwa simu, mchana kweupe, nikiwa kazini.

"Mzazi, samahani kwa usumbufu. Binti yako anasikia vizuri?"

"Anasikia vizuri kabisa, mwalimu. Kwani kuna nini?"

"Kwenye mtihani wa majaribio alikuwa anaandika mstari mmoja, anasimama. Anainamisha kichwa upande, kama mtu anayetega sikio. Halafu mara nyingine anaendelea, mara nyingine anafuta kila kitu na kuanza upya. Muda umeisha hajafika hata nusu ya maswali."

"Anategea sikio nini sasa?"

"Hilo ndilo nililotaka nikuulize wewe."

Jamani, nilikata simu nikasahau hata kuaga.

Kabla sijaendelea, wacha nijitambulishe mjue mnaongea na nani. Mimi ni mwalimu wa udereva. Gari ninalofundishia lina breki mbili, moja kwa mwanafunzi na nyingine chini ya mguu wangu, upande wa abiria. Mwanafunzi akitaka kufanya madudu, namkanyagia.

Wananiita Mwalimu Breki, maana mguu wangu hauchelewi. Mwanafunzi hajakosea bado, mimi nimeshakanyaga.

Tena sikurupuki tu. Nikiona mtu ameanza kusitasita, kwanza nasafisha koo. "Khm!" Wanafunzi wangu wanaijua hiyo khm kuliko wanavyozijua alama za barabarani.

Kuna mama mmoja fundi cherehani nilikuwa namfundisha kipindi hicho. Siku moja akanigeukia pale makutano.

"Mwalimu, wewe ukikanyaga kila mara, mimi nitajuaje kama ningekanyaga mwenyewe?"

Nikamcheka. "Mama, wewe shika usukani. Mambo ya kufa na kupona niachie mimi."

Basi, turudi kwa binti.

Nyumbani tunamwita Twiga, kwa sababu alimpita mama yake urefu akiwa bado mdogo. Alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Ndoto yake ilikuwa kusomea upimaji wa ardhi, na huko bila kufaulu hesabu hata mlangoni hufiki.

Mimi nikajitosa mzimamzima. Simu yake nikaiweka kabatini. Televisheni nikaifunika kitambaa. Kila jioni nikivua viatu tu, navuta kiti, nakaa pembeni yake, mkono wa kushoto, palepale ninapokaaga garini. Yeye anaandika, mimi namtazama.

Akitaka kuchemsha, "Khm!"

Anafuta. Anaanza upya.

Mama yake anafanya kazi ya kuoka mikate, anarudi nyumbani kachoka lakini macho yake yanaona kila kitu. Akawa ananiambia, "Baba Twiga, hebu mpe nafasi mtoto apumue."

"Mama Twiga, wewe shughulika na mikate yako."

Kazini nilikuwa naringa. "Wenzangu, sisi wengine watoto hatuwaachii walimu peke yao. Tunakaa nao mezani." Nikawa nashauri mpaka watu ambao hawajaniomba ushauri.

Sasa baada ya ile simu, nyumba ikachafuka. Shangazi yake akasema mtoto anaitwa na sauti, apelekwe akaombewe. Mama yake akasema kwanza apelekwe kwa daktari wa masikio. Tukampeleka. Daktari akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akasema masikio ni mazima, labda mtoto apunguziwe mawazo.

Nilimuuliza mwenyewe. "Twiga, unasikia nini kwenye mtihani?"

Akatazama chini. "Sisikii kitu, baba."

Nikaona hapa hakuna mwingine wa kulaumiwa, ni shule. Na kikao cha wazazi kilikuwa kimekaribia.

Siku ya siku nikavaa shati langu la kola ngumu. Wazazi tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Watoto wamesimama ukutani. Mwalimu wa hesabu, mama mdogo mdogo mwenye sauti ya chini, akaeleza matokeo ya mtihani wa majaribio, kisha akakaribisha maswali.

Nikainuka.

"Mimi ninakaa na mtoto wangu kila jioni," nikasema, nikigeuka ili na wa nyuma wanisikie. "Kila jioni! Hesabu hizihizi nyumbani anazifanya mpaka mwisho. Akija hapa anakwama. Sasa mimi nauliza, tatizo liko kwangu au liko kwenu?"

Kuna waliopiga makofi. Nikajiona mtu.

Mwalimu hakukasirika. Akamwita Twiga ubaoni, akamwandikia swali, akampa chaki. "Fanya kama unavyofanya nyumbani."

Twiga akaandika mstari wa kwanza. Akasimama, akainamisha kichwa.

Wazazi wakanyoosha shingo kuona.

Akaandika mstari wa pili. Akasimama tena. Mimi nilikuwa bado nimesimama kwa pembeni, namwona uso. Nyusi zikakutana, midomo ikabanwa. Uso ule naujua vizuri, nauona kila siku kwa wanafunzi wangu wakifika mlimani na gari linataka kurudi nyuma.

Mguu wangu wa kulia ukakanyaga sakafu. Wallahi sikuutuma. Na koo nalo likajisafisha lenyewe.

"Khm!"

Twiga akachukua dasta, akafuta ubao wote.

"Mbona umefuta?" mwalimu akamuuliza.

"Nimekosea, mwalimu."

"Umekosea wapi?"

Twiga akauangalia ubao mtupu.

"Hukukosea popote. Ulikuwa sahihi, umebakiza mstari mmoja tu. Nani amekwambia umekosea?"

Twiga aliniangalia mara moja, haraka, akayakwepesha macho.

Mzee mmoja wa dawati la nyuma akasema kwa sauti ya kujisahau, "Si baba yake kakohoa?"

Watu wakaangua kicheko. Wale wale walionipigia makofi.

Mwalimu yeye hakucheka, na afadhali angecheka. Alinigeukia taratibu. "Mzazi, ulikohoa kwa nini? Wewe uliona kosa gani?"

Nikautazama ubao. Vumbi tupu la chaki. Na hata kama maandishi yangekuwepo, ningesema nini? Ndugu zangu, mimi shule niliiacha kabla hesabu hazijaanza kuchanganywa na herufi. Mambo ya kidato cha nne siyajui. Muda wote ule mezani sikuwa natazama hesabu, nilikuwa natazama uso wa mtoto. Akisita, nakohoa. Na mtu anasita lini? Anasita anapofikiri. Kwa hiyo kila mara mtoto wangu alipoanza kufikiri, mimi namkanyagia breki.

Yote hayo yaliniingia palepale, nimesimama kati ya madawati, shati la kola ngumu limelowa mgongoni.

Ningeweza kusema ukweli. Sikusema.

"Vumbi," nikajibu. "Chaki imenipalia."

Na kabla mwalimu hajafungua mdomo, Twiga akadakia, "Ni kweli, mwalimu. Baba ana mafua tangu juzi."

Sikuwa na mafua.

Mtoto wangu alidanganya mbele ya darasa lake ili anifiche mimi. Natamani niwaambie nilijisikiaje, lakini sijui niseme nini zaidi ya kwamba niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilikaa nikayatazama magoti yangu hadi kikao kikaisha.

Tukaondoka na lile gari la kazini. Tulipokaribia nyumbani akaniita.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Kwani pale ubaoni nilikosea wapi?"

Nikapaki pembeni. Nilizima gari kabisa.

Mnaelewa? Mwalimu mwenye shahada yake amemwambia yuko sahihi, mbele ya watu. Na bado alimwamini baba yake.

"Sijui," nikasema.

"Hujui kivipi?"

"Hesabu zile sizijui, Twiga. Sijawahi kuzijua. Nilikuwa naangalia uso wako. Nikiona una wasiwasi, nakohoa."

Nilidhani atalia, nikajiandaa kumbembeleza. Hakulia.

"Kwa hiyo nilikuwa nafuta majibu sahihi," akasema, kwa upole kabisa. "Mimi nilidhani ni mjinga."

Afadhali angenitukana.

Nyumbani nilimweleza mama yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, unga wa ngano bado uko kwenye nyusi. "Nilikwambia mtoto apumue," akasema. "Huyo si gari."

Kesho yake nikarudi shuleni, peke yangu, bila kola ngumu. Nikamwambia mwalimu sikuwa nimepaliwa na chaki.

"Najua," akasema.

"Sasa mwalimu, mimi sijui kitu. Nitamsaidia vipi?"

"Hakuna anayekudai ujue, mzazi. Mpunguzie kazi za ndani apate muda. Hakikisha analala mapema. Ukikaa naye, usimsimamie, muombe akufundishe. Akikosea mwache mpaka afike mwisho, aone mwenyewe alipopotea. Na akikuuliza kitu usichokijua, mwambie hujui, mje mniulize mimi."

Kumbe ni hayo tu. Mimi nilikuwa nimefanya magumu yote, nikayaacha mepesi.

Vyombo vya jioni nikavichukua mimi. Mwanzoni nilivunja vikombe, mama yake akacheka mpaka akakaa chini. Simu nikamrudishia, tukakubaliana inazimwa saa ya kusoma, na ya kwangu pia. Nikimaliza vyombo, Twiga ananiita mezani.

"Kaa hapo. Leo wewe ndiye mwanafunzi."

"Sawa, mwalimu."

Ananieleza. Simwelewi. Namwambia sijaelewa. Anarudia kwa njia nyingine, na katikati ya maelezo anashtuka, "Ngoja, hapa nimekosea!" Anasahihisha mwenyewe. Mimi nimekaa, mikono nimeiweka mfukoni. Hilo alinipa sharti, anasema mikono yangu ikitulia na koo linatulia.

Lakini ugonjwa haukuisha kirahisi. Niliwahi kumwona kutoka jikoni, anaandika, halafu kichwa kinainama upande, ananisikiliza. Nikafunga bomba la maji, nikabana pumzi. Yeye akasubiri, akasubiri, ndipo akaendelea. Nilibaki pale kwenye sinki na sahani mkononi, nikijichukia.

Hata kazini nikaanza kuuweka mguu pembeni. Yule mama fundi cherehani alifika makutano, lori likakatiza, akakanyaga mwenyewe, gari likasimama vizuri. Akanigeukia kwa mshangao.

"Mwalimu, leo breki yako imeharibika?"

"Iko salama, mama. Mguu ndio nimeustaafisha."

Mtihani wa mwisho ukafika. Siku ya hesabu nilimpeleka mpaka getini. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, nikayameza yote. Nikamuuliza tu kama kalamu iko.

"Ipo, baba. Wewe nenda kazini."

Sikwenda. Nilikaa ng'ambo ya barabara, ndani ya gari, mguu mzito kama nimeufunga jiwe.

Walipotoka nikamwona anakuja taratibu, uso haueleweki. Akaingia garini, akafunga mlango.

"Vipi?"

"Baba, msimamizi wa mtihani alikuwa na kikohozi."

"Unasemaje?"

"Anazunguka katikati ya madawati, anakohoa. Khm, khm! Kuanzia mwanzo mpaka mwisho."

Sikuweza hata kumtazama. Nikaona upimaji wa ardhi unaondoka, na wa kuulizwa ni mimi. Niliegemeza kichwa kwenye usukani.

"Mara ya kwanza nilifuta," akaendelea. "Ya pili nikashika ufutio. Halafu nikajiambia, huyu si baba."

Akavuta mkanda, akajifunga.

"Nikajiambia, na hata angekuwa baba, hesabu hazijui."

Nikainua kichwa. Alikuwa anatabasamu, huyu mtoto!

"Nimemaliza maswali yote, baba. Nimefika mpaka mwisho."

Nilicheka, machozi yananitoka, nikajifanya napangusa kioo. Furaha ilikuwepo. Lakini aibu nayo ilikaa palepale, kwa sababu mwanangu, ili afaulu mtihani wake, ilibidi kwanza ajifunze kutonisikiliza.

Matokeo yalitoka. Hesabu hakupata alama ya kupigia picha, alipata ya kutosha. Chuo walimpokea. Siku hizi akija likizo anapima uwanja wetu kwa kamba na kutuambia ukuta wa jirani umepinda.

Wazazi wenzangu, kukaa na mtoto mezani ni jambo jema, nami sijaacha. Ila jichunguze umekaa pale kwa ajili ya nani. Kama hujui, sema hujui, mtoto hatakudharau. Osha vyombo, zima simu, mwache akosee mpaka mwisho wa mstari.

Mimi bado nina deni moja. Tukiwa tunakula na Twiga anasimulia mambo ya chuo, nikisahau nikakohoa, anakatisha. Ni kidogo tu, nusu ya neno, halafu anaendelea. Mwenyewe hajui kama anafanya hivyo, na mimi sijamwambia.

Kwa hiyo siku hizi koo likiniwasha, nainuka mezani, natoka nje, nafunga mlango, ndipo nakohoa.